Nimejifungua miezi minne iliyopita, nipande ulingoni?

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni bondia wa ngumi za kulipwa, nina miaka 26. Nimejifungua kwa njia ya kawaida miezi minne iliyopita na bado nanyonyesha. Nina kilo 63. Promota amenipa pambano la kilo 54, wiki sita kutoka sasa. Kocha wangu ananikimbiza nimevaa rambo, mifuko ya plastiki, ndani ya trakisuti. Mume wangu ananiunga mkono, mama mkwe anasema nimewahi mno kurudi. Halafu nikiruka kamba mkojo unanitoka kidogo. Nifanyeje? Bondia wa Temeke.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa mtoto. Hilo la mkojo umelitupia mwishoni kama dogo. Mimi naanza nalo, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Kibofu na kizazi hubebwa na misuli ya sakafu ya nyonga. Yako imebeba mzigo miezi tisa, kisha ikavutika mtoto akipita. Ukiruka kamba, tumbo linasukuma chini na misuli hiyo haiwahi kufunga. Wataalamu wa viungo hushauri mama asianze kukimbia kabla ya wiki 12, na hata zikipita, mkojo ukivuja au ukihisi uzito unashuka ukeni, bado. Kwako kalenda imekubali, mwili umekataa. Mimi kwa mtoto wa kwanza nilileta ubishi. Nilirudi jimu baada ya miezi mitatu, nikawa navaa bukta nyeusi tu isije ikaonekana, wala sikumwambia mtu. Nilipoteza karibu mwaka.

Kamba weka kando, na mbio pia. Bana kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, hesabu hadi nane huku ukipumua, achia kabisa. Rudia mara nane hadi 12, mara tatu kwa siku. Sisi mabondia tunajua kubana, kuachia ndiko hutushinda. Kisha lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, upapase juu ya kitovu: ufa ukizidi vidole viwili, misuli ya tumbo haijarudiana, basi spaa (kupigana kwa mazoezi) ya kupigwa tumboni isubiri. Vyovyote iwavyo, muone mtaalamu wa fiziotherapia. Usimwonee haya, kesi kama yako anaziona kila siku.

Wakati huo huo kupiga begi, padi za kocha na kivuli ruksa, miguu ikiwa chini. Toa pumzi kwa kila ngumi, maana ukiibana inasukuma kule kule. Nyonyesha kabla ya kutoka nyumbani na uvae sidiria imara, ziwa lililojaa likigongwa linaweza kuvimba.

Sasa uzito. Toka 63 hadi 54 ni kilo tisa. Anayenyonyesha anaweza kupunguza kama nusu kilo kwa wiki bila kuyumbisha maziwa: hizo ni wiki 18. Anayekupa sita anategemea utoe maji, si mafuta, na rambo ndiyo kazi yake. Ukipima uzito umekauka, siku moja ya kunywa kabla ya pambano huenda isitoshe, unapanda ulingoni ubongo wako ukiwa hatarini zaidi. Punguza soda na vya kukaanga, lakini mtori, dagaa na maharage usijinyime. Kunyonyesha peke yake kunakula kalori 400 hivi kwa siku.

Mama mkwe yuko sahihi, ingawa kama bado anakufunga tumbo kwa kanga mwombe alegeze. Ukilikaza sana unasukumia mzigo chini.

Watakutajia bondia Mary Kom wa India, aliyezaa mapacha 2007 na kutwaa dhahabu ya dunia 2008. Ni kweli, ila kati ya uzazi na ile dhahabu ulipita zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo hili la wiki sita likatae. Mwambie promota kilo 57, miezi mitano kuanzia leo, iwapo mkojo umekoma na spaa umeimaliza salama. Mume naye aonyeshe huko kuunga mkono kwa kubaki na mtoto jioni za mazoezi. Kuhusu rambo, mkumbushe kocha wako kwamba zimepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.