Jibu: Picha za mbio niziweke wapi, na je, niombe ruhusa?

Ndugu, umeuliza uziweke wapi picha zako za mbio za mtaani, na kama lazima umwombe ruhusa kila mkimbiaji. Usizitume WhatsApp kama picha za kawaida, maana zinabanwa na ubora unapotea. Ukilazimika, zitume kama faili. Hapo ujue kwamba picha inabaki na taarifa zake zote, hata mahali ulipoipigia kama simu ilirekodi. Bora ufungue albamu ya Google Photos au Flickr, kisha usambaze kiungo tu.

Zipange kwa saa na mahali. Kwenye mbio kama za Kabaka, mfalme wa Buganda, pale kwenye kasri lake la Lubiri, Mengo jijini Kampala, kila mtu amevaa fulana ileile. Kumtafuta mtu mmoja humo ni kazi kweli. Ukiandika "kona ya kwanza, saa moja na robo asubuhi", mtu anajipata upesi.

Kuhusu ruhusa: Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na kwa taarifa za watoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo watoto usiwaweke bila kuwauliza wazazi. Watu wazima, andika juu ya albamu kwamba asiyetaka picha yake akuambie uitoe, na uitoe siku hiyohiyo. Aliyeanguka au anayetapika, mimi simpandishi kabisa, hata kama picha ni kali.

Endelea kupiga, ndugu. Wengi hawana picha nyingine yoyote wakiwa wanakimbia.