Kabla hujanunua grinda ya inchi 9

Kijana mmoja wa mtaani kwetu amejenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao, kapata mashine ya kuchomelea, na sasa roho yake yote iko kwenye grinda kubwa. Jumamosi alinikuta nakata chaneli ya geti, kile chuma chenye umbo la U. Akasubiri nizime, akanipa shikamoo, halafu akasema, "Mzee, na mimi nataka kama hiyo. Ile ndogo inanichelewesha." Nikamvutia kiti. Tuliongea mpaka adhana ya magharibi, na nimeona bora niyaandike, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Nilianza kwa kumwambia kosa langu. Grinda yangu ya kwanza ya inchi 9 niliinunua kwa kutazama kitu kimoja tu: namba ya wati ubavuni. Ilikuwa imeandikwa 2,800, na bei yake haikufika hata nusu ya ile ya wati 2,200 iliyokuwa rafu ya juu yake. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Wiki ya tatu ilitoa moshi mweupe na harufu ile ambayo fundi yeyote akiisikia anajua mota imekwenda. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota. Aliifungua, akatoa amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, akaiweka mezani sambamba na amecha ya mashine nyingine aliyokuwa anaitengeneza. Ya kwangu ilikuwa fupi kwa karibu vidole viwili, na nyaya zake za shaba nyembamba. "Namba wanaandika wanavyotaka," akaniambia. "Shaba haiwezi kudanganya." Tangu siku ile, mashine zikiwa na namba moja, nanyanyua zote mbili mkononi kwanza. Uzito wa kichwa na mota una habari nyingi kuliko kibandiko.

Sasa jiulize unaitaka ya nini. Grinda kubwa inakupa kina, basi. Diski ya inchi 9, yaani milimita 230, ukiondoa sehemu inayoshikwa na nati na ile inayozuiwa na gia, inakuachia kama sentimita 6 na kitu za kuzama. Ile ndogo ya inchi 4 na nusu inakuachia chini ya 3. Ukiwa unakata chaneli nzito, reli, vyuma vya chesisi, au unafungua mlango kwenye ukuta wa tofali, hapo kubwa ni mkombozi. Lakini kazi za mafundi wengi wa nyumbani ni grili za madirisha, skwea paipu za inchi moja na nusu, nondo za milimita 12, na kusafisha maungio baada ya kuchomelea. Hizo zote ni kazi za grinda ndogo. Kusafisha ungio la grili kwa mashine ya kilo 5 na zaidi ni kujitesa. Baada ya nusu saa mikono inatetemeka, na mikono inayotetemeka ndiyo inayoharibu kazi na kumharibu fundi.

Kwa hiyo kama huna hata ndogo nzuri, anza na hiyo. Wati 800 hivi, ya kampuni inayoeleweka, itafanya kazi nyingi sana karakanani kwako. Kubwa inakuja ya pili. Na kama kazi kubwa unayo moja tu mwaka huu, wauza vyuma wengi watakukatia palepale unaponunua, au utaazima kwa fundi mwenzako kwa kumlipia diski.

Kuna ya katikati ambayo watu wanaipita bila kuitazama: inchi 7, milimita 180. Mara nyingi bodi yake ni ileile ya inchi 9, kwa hiyo usitegemee iwe nyepesi sana. Faida yake ni kwamba diski ni fupi, na ikibanwa haina nguvu kubwa ya kukupindua mikono. Diski zake hazisumbui kupatikana. Kijana wetu huyu nilimshauri hiyo, kwa sababu chuma kinene kuliko vyote alichonitajia ni chaneli ya sentimita 10, na hiyo unaikata kwa kuizungukia pande tatu. Ila uangalifu mmoja: ya inchi 7 huzunguka mpaka mara 8,500 kwa dakika, ya inchi 9 huishia kama 6,600. Usije ukavua kava la inchi 7, ile kinga inayofunika diski, ukapachika diski ya inchi 9 kwa kuwa shafti zinafanana.

Tuje kwenye umeme, maana grinda nyingi kubwa huku kwetu huuawa na waya. Mashine ya wati 2,200 kwenye volti 230 inakula karibu ampea 10 ikiwa kazini, na ile sekunde ya kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, hiyo haina shida. Shida ni ekstensheni. Zile nyembamba za kuchomekea redio na pasi, ukizirefusha mita 30 mpaka uani, zinakula zaidi ya volti 10 njiani. Jumlisha na jioni, watu wakisharudi nyumbani, ambapo mita yangu imewahi kusoma volti 190 kwenye soketi. Mota inakosa kasi, wewe unakandamiza ili ikate, nayo inavuta umeme mwingi zaidi na kuchemka. Hivyo ndivyo amecha inavyoungua ukiwa unadhani unafanya kazi kwa bidii. Nunua waya wa milimita za mraba 2.5, na kama umezungushwa kwenye gurudumu lake, ufungue wote. Ukiacha umejiviringa unapata joto mpaka plastiki inalainika. Mimi kazi nzito nazifanya asubuhi.

Kama utatumia jenereta, ile ndogo ya kuwashia taa na runinga haitaiamsha inchi 9. Itaguna na kuzima. Hapa ndipo mfumo wa kuanza polepole unapolipa gharama yake: ukibonyeza swichi, mota inapanda kasi taratibu badala ya kurusha mkono, na breka ya umeme ya nyumbani haijizimi. Mashine yenye mfumo huo huwa ghali kidogo. Lipa.

Swichi sasa. Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Miaka michache nyuma nilikuwa nabomoa stendi ya tangi la maji. Nililaza chaneli juu ya matofali mawili, moja kila upande, nikaanza kukata katikati kutoka juu. Ukiifikiria vizuri utaona kosa: kadiri chuma kinavyokatika, katikati kinazama, na mdomo wa mkato unajifunga. Diski ikabanwa. Mashine yote iliruka kunijia begani kabla sijajua kuna nini, ikanichana mkono wa kushoto, ikaanguka mchangani. Na haikuzima. Swichi yake ilikuwa ile ya kusukuma mbele ikajifunga yenyewe, kwa hiyo iliendelea kuzunguka pale chini, ikijivuta kwa waya wake kama nyoka aliyekanyagwa, mpaka mke wangu alipochomoa plagi. Diski ilikuwa imepasuka, na kipande kimoja kilikuwa kimejikita kwenye kava, upande wa uso wangu. Kwenye mashine nyingi uani mwa watu, kava hilo ningekuwa nimeshalivua.

Nikawa sinunui tena grinda kubwa ambayo haizimi ukiiachia. Inaitwa swichi ya kubana: kipande kirefu chini ya mkono wa nyuma, unakiminya ili iwake, ukilegeza inakata umeme. Baadhi zina kidude cha kuifunga iendelee kuwaka. Mimi kidude hicho sikigusi. Zile za kisasa zaidi zina kihisio kinachokata mota diski ikibanwa ghafla, na nyingine haziwaki zenyewe umeme ukikatika na kurudi wakati swichi imebonyezwa. Kwa nchi ambayo umeme hukatika ukiwa katikati ya kazi, hilo la mwisho ni la lazima. Na chaneli siku hizi naitegemeza upande mmoja, ule ninaoubakiza. Kipande kinachokatwa nakiacha kining'inie ili mdomo ufunguke.

Ukifika dukani, usikubali kuuziwa boksi lililofungwa. Omba ifunguliwe. Ikiwa bado haijachomekwa, zungusha shafti kwa mkono: inatakiwa izunguke kwa uzito laini, bila kukwama mahali wala kukwaruza. Shika shafti uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi au gia hazijakaa. Funga mkono wa pembeni uone kama nyuzi zake zinashika mpaka mwisho, na kama unaweza kuuhamishia upande mwingine au juu. Kisha uishike kama utakavyoishika kazini, uinyooshe mbele kwa dakika moja nzima. Muuzaji atakutazama, mwache. Dakika moja ikikushinda dukani, uani hutaiweza.

Halafu ichomekwe, bila diski, iwashwe. Chungulia kwenye matundu ya hewa huko nyuma. Utaona cheche ndogo za buluu pale kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha, zinapoigusa. Hizo ni za kawaida kwa kaboni mpya ambazo hazijakaa sawa. Ukiona duara zima la moto linazunguka, irudishe kwenye boksi. Sikiliza sauti pia: gia nzuri zinalia kwa sauti moja, mbovu zinakoroma na kubadilika. Zima, uhesabu. Kubwa yenye diski huchukua sekunde nyingi kusimama, nyingine zaidi ya kumi, isipokuwa zenye breki. Ujue hilo kabla hujaizoea tabia ya kuiweka chini haraka.

Kuhusu majina. Makita GA9020 na Bosch za wati 2,200 ndizo nilizoziona zikidumu miaka kwenye karakana za watu, na sababu kubwa ni vipuri: kaboni, swichi, beringi na amecha vinapatikana. Kabla hujalipia mashine ya jina lolote, zunguka maduka ya vipuri uulize kaboni zake. Wasipoijua, unanunua mashine ya matumizi mara moja. Jihadhari na za kughushi, kwa kuwa majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Mfano: mashine za umeme za mkononi za Hitachi zilibadilishwa jina kuwa HiKOKI mwaka 2018. Ukikuta leo boksi jipya linalong'aa lenye jina la zamani, uliza maswali. Iliyotumika lakini halisi, mimi naichagua mbele ya mpya ya bandia, mradi nimeona amecha yake.

Diski nitazisema kwa ufupi ingawa zinastahili makala yake. Soma kwenye karatasi yake kasi ya mwisho. Diski ya milimita 230 imetengenezwa isizidi mita 80 kwa sekunde ukingoni, karibu kilomita 290 kwa saa. Ukiipachika kwenye grinda ndogo inayozunguka mara 11,000, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi baada ya kuvua kava, ukingo unafikia mita 132 kwa sekunde. Gundi na nyuzi zinazoishikilia hazikuumbwa kwa kasi hiyo, na kipande kikitoka hakikupi nafasi ya kukwepa. Tazama pia pete ya chuma katikati, ina tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski iliyokaa miaka kwenye unyevu wa pwani siihitaji hata nikipewa bure. Ya kukatia usisagie kwa ubavu. Diski yenye meno ya kukatia mbao usiifunge kwenye grinda hata siku moja. Ukikata tofali au zege, tumia ya almasi, fanyia kazi uani, vaa barakoa ya kweli na si kitambaa, kwa sababu lile vumbi likishaingia kwenye mapafu halitoki.

Kijana aliondoka na orodha ya maswali ya kwenda nayo kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Kabla hajatoka alinyanyua mashine yangu, akaona nimefunga spana ya kubadilishia diski kwa kamba kwenye waya, jirani kabisa na plagi, akauliza kwa nini nimeiweka mbali hivyo. Nikamwonyesha: kamba ni fupi. Spana haifiki kwenye diski mpaka plagi iwe imetoka kwenye soketi.