Barua kwa Rehema, kuhusu babu yangu Yohana

Mwanangu Rehema,

Barua yako imefika, nasi sote tu wazima. Umeuliza kama babu yangu Yohana alikuwa Myao au Mnyasa, ili ujue pa kuanzia utakapokwenda kusoma makaratasi ya misheni ya CMS, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na kama ulipie kile kipimo cha mate (DNA) cha kutafuta asili ya ukoo.

Kwanza jihadhari na hayo majina mawili. Waliotekwa pande za Ziwa Nyasa waliteremshwa hadi Kilwa, na mara nyingi waliowateremsha walikuwa Wayao, kwa kuwa walishika sehemu kubwa ya biashara ya watumwa. Mtoto aliyeokolewa jahazini na manowari za Waingereza, akaletwa Frere Town, kijiji cha misheni cha watumwa walioachwa huru kule Kisauni, Mombasa, miaka ile baada ya 1875, aliandikiwa kabila na mgeni aliyeandika alichosikia. Kwa hiyo Mnyasa aweza kuwa mtu wa kabila lolote la kandokando ya ziwa, na Myao aweza kuwa aliyeuzwa au jina tu la aliyemuuza. Shangazi yako anashikilia kwamba babu alikuwa na chale tatu kwenye paji la uso. Marehemu baba alisema ni mashavuni. Unajua walivyobishana, basi usinitake niamue.

Ninachokikumbuka mimi ni siku ya kitambulisho. Nilikuwa nimetimiza miaka 18, na baba, ambaye hakuvaa koti ila Jumapili, alivaa lile la kijivu akanisindikiza. Karani, kijana aliyenizidi umri kidogo, alipofika kwenye nafasi ya kabila aliinua kalamu akasubiri. Baba akajibu, "Frere Town." Karani akacheka, wala si kwa ubaya, akasema hapo ni mahali, yeye anataka kabila. Baba akarudia jibu lile lile kwa sauti ile ile. Waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaanza kuguna. Mwishowe karani akaandika "Mgiriama", akasema hivyo ndivyo itakavyoturahisishia mambo, na baba akamwambia, "Ahsante, mwanangu."

Ahsante hiyo ndiyo inayonichoma hadi leo, kuliko kicheko. Wagiriama ni jirani zetu na wakwe zetu, mama yako ni mmoja wao, na sina neno nao. Lakini mzee aliyemkemea hata padri kwa kulikosea jina lake aliondoka pale na kabila la kuazima, akaninunulia mahamri, na jambo lile hakulitaja tena hadi tunamzika.

Nimekuambia tangu ukiwa shule, nami narudia: kila aliyeuzwa alikuwa mtoto wa mtu kabla ya kuwa mali ya mtu. Kwa sababu hiyo najiambia mwache atafute, maana yuko mama aliyemwita babu kwa jina ambalo si Yohana. Kisha najiuliza, sisi tuliokulia Kengeleni, papo hapo Frere Town, tukabatizwa na kuoza watoto wetu katika Kanisa la Emmanuel, hatutoshi kuwa watu mpaka tupewe kijiji cha Malawi? Halafu narudi palepale: babu hakusahau kwao kwa kupenda, alisahaulishwa akiwa mtoto, na aliyesahaulishwa ana haki ya kutafutiwa. Mtoto wa mtu, Rehema.

Upande wa bibi yako wa Rabai kazi ni nyepesi zaidi. Wale walikuwa watumwa watoro waliojificha misheni, na George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alipokubali mwaka 1888 kuwalipa mabwana wao, watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Inaniudhi kwamba waliolipwa ni waliowamiliki, lakini penye fedha makarani huandika kwa makini, nawe utafaidika na umakini huo.

Kuhusu kipimo cha mate nina maoni yangu, na mama yako ameniomba nisiyaandike. Fedha ni zako. Huko Birmingham anza na barua na taarifa za Kisauni za kati ya 1875 na 1890. Ukimpata Yohana yeyote, piga picha ukurasa mzima badala ya mstari wake peke yake, kwa sababu watoto walioshushwa katika jahazi moja huenda waliandikwa pamoja, na miongoni mwao huenda yumo ndugu yake wa tumbo moja.

Baba yako