Ukipata Kitu cha Fedha cha Kale Shambani Uingereza, Kitolee Taarifa Kabla Hujakisugua

Wiki iliyopita dada mmoja aishiye Uingereza aliniandikia kwamba mumewe, ambaye ameanza karibuni kupita mashambani na detekta ya metali, kifaa kinacholia kinapopita juu ya metali iliyofukiwa, amepata pete ndogo ya fedha yenye sindano, na kwamba rafiki yao amewashauri waisugue mpaka ing'ae kisha waiuze mtandaoni kabla serikali haijaichukua. Nilimjibu usiku uleule. Hata hivyo, maswali ya namna hii yamekuwa mengi tangu nilipoeleza habari za bizimu yangu, yaani pete ya fedha yenye sindano ya kufungia vazi kama hiyo yao, na ushauri waliopewa wanandoa hao ni mbaya mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu.

Bizimu yangu niliipata Norfolk, mashariki mwa Uingereza, katika shamba la ngano lililokuwa limekwisha kuvunwa, likiwa limebaki mabua. Habari za misumari, vifuniko vya chupa na maganda ya risasi niliyoyachimba kabla yake ninaziruka, kwa kuwa kila mwenye detekta anazijua. Mlio wa fedha ni wa juu na haubadiliki unapopitisha kifaa kutoka upande huu na upande ule. Niliusikia, nikakata udongo ndani ya tabaka linalogeuzwa na jembe, kina kisichozidi kiganja, kikatoka kiduara cheusi kilichofumbatwa na udongo, sindano yake ikiwa bado mahali pake. Ni bizimu ya karne ya 13 au 14, ya aina iliyovaliwa na wanaume na wanawake kufungia mpasuo wa vazi shingoni. Usoni imechongwa maneno ya Kilatini AVE MARIA GRATIA, kisha herufi P peke yake, kwa sababu fundi aliishiwa na nafasi kabla ya kulimaliza neno lililofuata, PLENA; sala nzima ni "Salamu Maria, uliyejaa neema". Nilikaa kitako juu ya mabua nikamfikiria fundi huyo kwa muda mrefu. Mtu aliyeishi miaka mia saba iliyopita, ambaye hakuna anayelijua jina lake, alikuwa amehesabu vibaya herufi zake, na mimi mtoto wa Pemba ndiye niliyekuwa wa kwanza kuiona kazi yake tangu ilipodondoka.

Ndani ya mifereji ya herufi hizo kulikuwa na chembe za dhahabu. Mafundi wa zama zile waliichanganya dhahabu na zebaki, wakaipaka juu ya fedha, kisha wakaipasha moto mpaka zebaki ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki utando mwembamba mno. Utando huo huweza kuondoka kwa mswaki na dawa ya meno katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Weusi unaouona juu ya fedha ya kale si uchafu wa kuonea aibu. Ni badiliko la metali yenyewe baada ya kukaa ardhini, na chini yake mara nyingi ndimo ilimohifadhiwa kazi ya fundi. Kwa hiyo usisugue, usitie ndimu, usitie magadi, wala usijaribu kuinyoosha sindano iliyopinda. Kiweke kitu katika kikasha chenye kitambaa laini, ukiache na udongo wake.

Baada ya hapo, andika mahali. Hili nitalirudia hata mkinichoka, kwa kuwa ndilo lenye thamani kuliko fedha yenyewe. Kabla sijanyanyua mguu pale nilipochimba niliipiga picha bizimu na shimo lake, kisha nikaandika namba ya mahali katika gridi ya ramani ya taifa, yenye tarakimu 10, ambayo huonyesha eneo la mita moja ya mraba. Anayeona jambo hili ni urasimu wa Wazungu na alitazame lililotokea kwetu. Mwaka 1984, katika uchimbaji wa kitaalamu huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani yetu, akiwamo Ali bin al-Hasan. Sarafu hizo hazina tarehe. Zimejulikana kuwa ni za karne ya 11 kwa sababu zilikutwa pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimiya, makhalifa waliotawala Misri, ambazo tarehe zake zinasomeka, na hivyo historia ya wafalme wetu ikasogezwa nyuma kuliko ilivyodhaniwa. Kama mtu mmoja angezichota usiku, akaiuza dhahabu kwa sonara na kuigawa fedha kwa watalii, tungebaki na vipande visivyosema lolote.

Hapa jirani, katika kijiji cha Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikwenda mwaka 1992 kuitafuta nyundo ya mkulima iliyopotea, akakuta sarafu na vijiko vya Kirumi vikimwagika kutoka ardhini. Alisimamisha kazi, akatoa taarifa, na wataalamu wakaja kuchimba wenyewe. Ndiyo maana leo inajulikana jinsi hazina ile ilivyopangwa ndani ya sanduku lake la mbao, ingawa mbao zenyewe zilikuwa zimeoza karibu zote. Ukipata vitu vingi mahali pamoja, fanya kama alivyofanya: acha kuchimba, fukia juujuu, piga simu.

Sheria yenyewe si ngumu. Kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini inatumika Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Kitu kisicho sarafu, chenye umri wa miaka 300 au zaidi na chenye angalau asilimia 10 ya fedha au dhahabu, ni hazina. Sarafu moja ya fedha peke yake kwa kawaida si hazina, lakini mbili au zaidi zilizokutwa pamoja zikiwa na umri huo ni hazina. Una siku 14 za kutoa taarifa, zikihesabiwa tangu ulipokipata au tangu ulipotambua kwamba huenda ni hazina, na anayeficha anaweza kufungwa hadi miezi mitatu au kutozwa faini. Uskoti wana utaratibu wao, ambao ni mkali zaidi. Kwa England na Wales wa kumwona kwanza ni afisa wa eneo lako wa mpango uitwao Portable Antiquities Scheme. Alinipokea vizuri, akanipa stakabadhi, akapima, akaandika. Shauri humalizwa na hakimu mchunguzi wa vifo, ambaye kwa desturi ya karne nyingi ndiye pia mwamuzi wa hazina. Makumbusho yakikitaka kitu hicho, kamati huru hukithamini na malipo hugawanywa, kwa kawaida nusu kwa aliyekipata na nusu kwa mwenye shamba. Yasipokihitaji, kitu hurudishwa. Kwa hiyo ile hofu ya kunyang'anywa haina msingi.

Kungoja ni kurefu, zaidi ya mwaka kwangu, na bizimu za namna hii huwa na thamani ya mamia ya pauni, si maelfu. Lakini nimesimama na mwanangu mbele ya kabati la kioo la makumbusho, akaisoma herufi baada ya herufi ile kazi ya fundi, na sitaificha fahari niliyokuwa nayo.

Nilipotoa taarifa, mkongwe mmoja wa klabu ya wenye detekta niliyokuwa mwanachama wake alisema mbele ya wenzetu kwamba sisi watu wa kuja tunaogopa serikali, ndiyo maana nimekimbilia ofisini. Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Sikukimbia, nilikwenda kwa miguu yangu kwa kuwa kitu kile hakikuwa changu peke yangu. Karibu na mji wa Leominster, England, mwaka 2015, watu wawili walificha hazina ya zama za Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, na kuziuza sarafu zake. Mwaka 2019 walihukumiwa vifungo virefu, na sehemu kubwa ya sarafu hizo haijulikani ziliko. Sarafu hizo zilikuwa ushahidi wa namna wafalme wawili wa Waingereza wa kale walivyoshirikiana, na sasa ushahidi huo una mapengo. Anayeuza gizani huwaibia hata watoto ambao hawajazaliwa.

Ninawasihi hasa ninyi wenzangu wa ugenini: msiingie shambani bila idhini ya mwenye shamba iliyoandikwa na kutiwa saini, ikieleza na mgawanyo wa malipo. Mimi niliitiwa polisi na mpita njia nikiwa katika shamba nililoruhusiwa, na karatasi hiyo ndiyo iliyomaliza maneno kwa dakika chache. Angalieni pia ramani ya maeneo ya kale yaliyolindwa, maana kupita na detekta humo bila kibali maalumu ni kosa la jinai hata kama mwenye ardhi amekubali.

Kwa wale wanaoniuliza kama wanaweza kusafiri na detekta zao kwenda Pemba, Kilwa au Lamu, jibu langu ni kwamba waziache huku. Magofu ya kwetu yana sheria zake, na kuchimba humo ni kazi ya wataalamu wenye kibali. Ukiwa matembezini ufukweni ukaona sarafu au kigae kilichofukuliwa na maji, kipige picha kilipo, kiache hapohapo, kisha umpelekee sheha au kiongozi wa mahali hapo picha hiyo na umwombe awaarifu watu wa mambo ya kale.