Nina mke na watoto: naweza kuwa shemasi?

Ndugu, umesema una miaka 38, ndoa ya Kanisa na watoto watatu, na unauliza kama mlango uko wazi. Sheria ya Kanisa Katoliki inakuruhusu: mwenye mke apate daraja la ushemasi akiwa ametimiza angalau miaka 35, na mkewe akubali. Ila si kila jimbo la Kanisa lina mashemasi wa kudumu, yaani wanaobaki mashemasi bila kuendelea kuwa mapadre, hivyo anza kwa paroko, umuulize msimamo wa askofu wenu.

Kabla ya hapo, kaeni na mama watoto. Wengi hukwama hapa: mume anamwambia mke mambo yakiwa yamekwisha iva. Mwambie wazi pia kwamba ukishapewa daraja, akitangulia yeye kufariki huoi tena, isipokuwa kwa ruhusa ya Roma, kwa Papa. Malezi ya kukuandaa kwa ushemasi ni miaka 3 au zaidi. Njiani utapewa huduma mbili: usomaji na utumishi wa altare.

Umeandika kwamba shemasi ni "nusu padre". Hapana. Shemasi hubatiza, huhubiri, hubariki ndoa, huzika. Haungamishi, hapaki wagonjwa mafuta, haadhimishi Misa. Altareni anamimina divai na tone la maji kikombeni, na baada ya komunyo anasuuza kikombe na kukikausha kwa kitambaa, kama aoshaye vyombo nyumbani. Wale saba wa Matendo 6 waliwekwa kwa ajili ya chakula cha wajane, kwa hiyo paroko atakuuliza kwanza: jumuiyani kwenu, wagonjwa unawatembelea?