"Companion": copain, rafiki au mwenzi?

SWALI: Ndugu wahariri, najifunza Kiingereza jioni hapa Katuba. Kwenye zoezi niliandika "my companion" kumtaja rafiki yangu wa darasani, mwalimu akalikata kwa kalamu nyekundu. Si ndilo "copain" letu la Kifaransa?
Mwanafunzi, Lubumbashi

JIBU: Mwalimu hakukosea, nawe hukuwa mbali. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi wake ni Kilatini: "com", pamoja, na "panis", mkate. Ni watu wanaomega mkate mmoja. Hapa Lubumbashi tungesema wa sahani moja ya bukari, yaani ugali. Kilatini nacho huenda kiliiga majirani zake wa kaskazini, maana Wagothi, kabila la kale la Kijerumani, walikuwa na "gahlaiba", lenye viungo vilevile viwili.

Kifaransa cha kale kililipa neno sura mbili: "compain" likiwa mtenda, "compagnon" likiwa mtendwa. Ya kwanza ndiyo copain. Ya pili ilivuka bahari baada ya Wanormandi, waliosema Kifaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, ikawa companion. Hata kampuni inayochimba shaba ni tawi la mti huohuo, ingawa mkate wake haumegwi sawasawa.

Tatizo ni matumizi. Leo companion ni mtu anayekuwa nawe katika jambo fulani: wa safari, au anayelipwa kukaa na mzee nyumbani. Tena Waingereza humwita hivyo mtu unayeishi naye kama mke na mume bila ndoa, na sentensi yako ingeweza kusomeka hivyo! Andika "friend", au "classmate" ukitaka kutaja darasa. Ukilihitaji companion, litangulizie neno la kuonyesha mwenzi wa nini, mfano "travelling companion". Usiingize ile "g" ya Kifaransa, na mkazo uwe silabi ya pili: kam-PA-nyen.

Cha kuchekesha ni kwamba rafiki, kwa asili, ndilo lililofanana zaidi na companion. Limetoka Kiarabu, "rafiq", na huko ni hasa mtu wa kuandamana naye njiani. Waswahili tukalipanua hadi likamchukua kila tunayempenda, na kazi yake ya zamani ikabaki kwa "mwenzi". Basi katika daftari lako, mbele ya companion, futa rafiki uandike mwenzi.