Mashine ya kahawa ya kapsuli kwa nyumba ya Moshi: hesabu ianzie kwenye kapsuli

Dada, umeeleza kwamba kaka yako anakuja likizo kutoka Marekani na amekubali kukuletea mashine ya kahawa ya kapsuli, ile inayotoa kikombe kimoja kwa wakati, nawe ungependa kuitumia nyumbani kwako Soweto, hapa Moshi, na pia kwenye vyumba vitatu unavyopangisha wapanda mlima. Unauliza kama inafaa kununuliwa. Nimekuwa na mashine ya namna hiyo nyumbani, na ipo nyingine katika nyumba ndogo ya wageni ninayoisimamia hapa Moshi, kwa hiyo uniruhusu nijibu kwa kirefu. Jibu lenyewe nalitanguliza: kwa matumizi uliyoyataja haikufai, na ikitoka Marekani haikufai zaidi. Wapo watu ambao inawafaa kweli, nao nitawataja kwa haki yao.

Naanza na umeme, kwa sababu jambo hilo peke yake linaweza kufunga mjadala. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120 na mzunguko wa mara 60 kwa sekunde, wakati wetu ni wa volti 230 na mzunguko wa mara 50. Chaja ya simu hukubali umeme wa kwetu na wa kwao, na imeandikwa hivyo ubavuni, lakini kifaa chenye hita hakikubali, na kile kiplagi cha kubadilishia miguu hakipunguzi volti hata moja. Ili uitumie mashine ya Marekani utahitaji transfoma ya kushusha umeme inayomudu mzigo wa wati 1,500 bila kuchemka, ambayo ni nzito, ni ghali, na itabidi ikae juu ya meza ya jikoni siku zote. Hata ukiipata, transfoma hubadilisha volti tu na mzunguko hubaki uleule, na pampu za mtetemo zilizomo katika nyingi ya mashine hizi hupiga kwa kufuata mzunguko wa umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa 60 itasukuma maji polepole kuliko ilivyokusudiwa. Kaka yako asibebe kitu hicho kwenye mzigo wake.

Tuseme basi unaipata ya volti 230 kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Dubai. Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza, na mimi nakushauri usiangalie kwanza bei ya mashine, bali uangalie kapsuli zake zitatoka wapi, kwa bei gani, na kama zitaendelea kupatikana miaka miwili ijayo. Mashine hizi si za aina moja. Keurig, ambazo ndizo zimejaa majumbani Marekani, hutumia kikombe kidogo cha plastiki chenye kichujio cha karatasi ndani. Maji ya moto hupita bila shinikizo kubwa na unachopata ni kahawa ya kuchujwa. Nespresso hutumia kapsuli ya aluminiamu yenye takriban gramu 5 za kahawa. Sindano huitoboa upande mmoja, pampu husukuma maji kwa shinikizo kubwa, na upande wa pili foili hupasuka kahawa ikatoka nzito yenye povu juu. Ubunifu huo ulisajiliwa na mhandisi wa Uswisi, Eric Favre, mwaka 1976, na biashara yake ikaanza mwaka 1986. Hataza zake kuu, yaani haki za kuzuia wengine wasiuige, zilipokwisha muda karibu na mwaka 2012, makampuni mengine mengi yakaanza kutengeneza kapsuli zinazoingia katika mashine hizo za awali, na hiyo ndiyo sababu kapsuli za umbo hilo ni rahisi kuzipata hata katika baadhi ya maduka makubwa ya Tanzania. Baadaye, mwaka 2014, Nespresso wenyewe walileta mashine ya Vertuo, ambayo kapsuli yake ina msimbo wa mistari ukingoni na huzungushwa kwa kasi kubwa badala ya kusukumiwa maji kwa shinikizo kubwa la pampu. Kahawa yake ni nzuri na kikombe ni kikubwa, lakini hiyo ndiyo ninayokuomba uiepuke kabisa, kwani mnunuzi wa Vertuo anabaki karibu na muuzaji mmoja tu, na sisi tuko mbali naye mno.

Sasa hesabu. Kilo moja ina gramu 1,000, na kapsuli moja ina gramu 5, kwa hiyo kilo ya kahawa ni kapsuli 200. Bei yoyote utakayoambiwa ya kapsuli moja, izidishe mara 200, utajua unanunua kahawa kwa kiasi gani kwa kilo. Mimi mara ya mwisho nililipa shilingi 1,500 kwa kapsuli, pamoja na gharama ya kuniletea, maana yake ni shilingi 300,000 kwa kilo. Kahawa ya arabika iliyokaangwa hapahapa mjini naipata robo kilo kwa shilingi 9,000, yaani kilo kwa 36,000. Tofauti ni zaidi ya mara nane, na mara hizo nane ni kwa kahawa iliyokaangwa na kufungashwa Uswisi, mahali ambapo kapsuli zote za Nespresso hutengenezwa, ikavuka bahari kuja kuuzwa chini ya Kilimanjaro.

Atakayenipinga atasema kwamba vikombe havilingani, na atakuwa na haki. Kikombe kikubwa cha mililita 250 katika lile birika la kioo lenye chujio la kusukuma chini huhitaji kama gramu 15, ambazo kwa bei niliyoitaja ni shilingi 540, wakati kapsuli hutumia gramu 5 na kukupa mililita 40 hivi. Lakini mililita 40 ni kiasi cha kile kikombe kidogo cha kahawa chungu ya kijiweni, na mtu aliyezoea kikombe kikubwa cha asubuhi hatatosheka nacho. Atatumbukiza kapsuli ya pili, na hapo amefika shilingi 3,000. Chukua vyumba vyako vitatu vikiwa na wageni sita, kila mmoja akinywa mara mbili kabla ya kuondoka: kapsuli 12, shilingi 18,000 kwa asubuhi moja. Kiasi hichohicho cha kahawa, gramu 60, kikiwa cha kusagwa kinakugharimu shilingi 2,160 na kinatosha lita nzima ya kahawa nzuri mezani.

Umeme wenyewe, kwa upande wa gharama, usikutie hofu. Kuchemsha maji ya kikombe kimoja kunatumia sehemu ndogo sana ya uniti moja, na mashine hizi hujizima zenyewe baada ya dakika chache. Tatizo ni pale umeme unapokatika alfajiri wageni wakiwa wamekwisha vaa mabuti, kwa sababu birika na jiko la gesi vitafanya kazi siku hiyo na mashine haitafanya.

Jambo ambalo naliona ni zito kuliko fedha ni hili la upya wa kahawa. Kapsuli ilikuja kutatua shida halisi. Kahawa ikishasagwa, harufu yake huanza kuondoka ndani ya dakika chache, na baada ya siku kadhaa katika pakiti iliyofunguliwa inakuwa imepoteza sehemu kubwa ya uzuri wake. Kapsuli, kwa kuwa imefungwa bila hewa ya oksijeni, huihifadhi kwa miezi mingi. Mtu anayeishi mbali na mashamba, ambaye kahawa humfikia ikiwa imekaa ghalani na dukani, ana sababu nzuri ya kulipia hifadhi hiyo. Sisi tunaishi katika mji ambao mnada wa kahawa wa taifa umefanyika kwa miongo mingi, mji wenye makao makuu ya Bodi ya Kahawa na ofisi za KNCU, ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1933, na mkahawa wa ushirika huo uko katikati ya mji ukikaanga kahawa yake wenyewe. Ukipanda kidogo kuelekea Kilema, ambako mapadri wamisionari walipanda mibuni mwishoni mwa karne ya 19, utakuta familia zinazokaanga za kwao jikoni na kuzitwanga kwenye kinu. Ukinunua kahawa ya punje nzima iliyokaangwa wiki hii ukaisaga asubuhi unapoinywa, unapata upya wa kahawa ambao hakuna kapsuli inayoweza kukupa. Kulipa mara nane ili kuhifadhi kitu ulichonacho mlangoni kunaniuma, na nasema hivyo kwa moyo mmoja kwa sababu wazazi wangu walisomesha watoto kwa mibuni.

Wageni nao wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Tulipoweka mashine ya kapsuli katika sebule ya wageni, niliamini kwamba Wamarekani na Wazungu wangefurahi kukuta walichokizoea. Walishukuru, na waliitumia hasa wale waliofika usiku wa manane kutoka uwanja wa ndege wa KIA. Lakini kufika kifungua kinywa, swali lililojirudia lilikuwa kahawa ya Kilimanjaro iko wapi, na wengi walitaka kununua pakiti ya kuondoka nayo. Tangu tulipoanza kuweka mezani birika la kahawa iliyosagwa mbele yao, pamoja na maziwa ya moto, mashine imebaki kwa ajili ya wanaochelewa na wanaowahi. Kwa nyumba yako yenye vyumba vitatu, nakushauri uanze na hilo birika. Lina gharama ndogo, mfanyakazi hulijua ndani ya dakika tano, na wageni hulipiga picha.

Kuhusu matengenezo, mashine hizi hazipendi uchafu wa chokaa unaobaki kwenye maji. Zinahitaji kusafishwa kwa dawa yake kila baada ya miezi michache, na watengenezaji wengi hukataza siki kwa sababu hula mipira ya ndani. Ikiharibika, fundi wetu wa kawaida atapata shida hata kuifungua, kwa kuwa mashine nyingi za Nespresso zimefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha umbo la yai ambazo bisibisi ya kawaida haiingii. Yangu ya nyumbani ilipoanza kuvuja, mafundi niliowaendea mjini waliirudisha bila kuigusa.

Takataka ni suala fupi lakini lipo. Kapsuli tupu ina gramu moja hivi ya aluminiamu na imejaa machicha yenye maji, na katika mji wetu sijaona mahali pa kuzirudisha. Ukizikata na kumwaga machicha bustanini, aluminiamu inaweza kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ila uelewe kwamba kilo moja ni kama kapsuli elfu moja. Zile za plastiki za Keurig hazina hata njia hiyo. John Sylvan, mmoja wa waanzilishi wa Keurig, aliwahi kusema hadharani mwaka 2015 kwamba wakati mwingine hujutia alichokianzisha, na sababu ilikuwa taka hizo.

Ipo njia ya kati ambayo watu huisifu, nayo ni kapsuli ya chuma cha pua unayoijaza mwenyewe. Ninayo na inafanya kazi, kwa sharti kwamba kahawa isagwe laini sana na ishindiliwe kwa kiasi. Ikiwa nene maji hupita upesi na kikombe kinakuwa chepesi, ikizidi ulaini mashine hukwama. Inashusha gharama hadi karibu na bei ya kahawa ya kawaida. Ila kujaza, kufunga, kuosha na kukausha kila kikombe huondoa wepesi ambao ndio sababu ya kununua mashine, na kwa wageni sita haiwezekani.

Inamfaa nani, basi? Inamfaa mtu anayeishi peke yake, anayekunywa kikombe kimoja kifupi cha espresso kabla ya kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na asiyetaka kuosha chombo. Inamfaa mzee ambaye mikono yake haiwezi tena kusaga wala kuinua birika la maji ya moto. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo mwenye maumivu ya viungo, anaitumia kila siku na singethubutu kumwambia aiache. Inafaa pia ofisi ndogo ambayo hakuna aliyepangiwa kuosha vyombo, mradi mhasibu akubali bei ya kapsuli mapema. Katika hali zote hizo watu wanalipia wepesi, na wepesi ni kitu halali cha kulipia kama unauhitaji kweli.

Kwako wewe, ningemwomba kaka akuletee kinu kizuri cha kusagia kahawa kwa mkono, chenye meno ya chuma. Hakihitaji umeme, ni chepesi begini, na usagaji ulio sawa utabadilisha kahawa yako kuliko mashine yoyote ya bei hiyo. Hapa mjini nunua birika moja la kioo la lita moja kwa ajili ya wageni, na kama wewe mwenyewe unapenda kahawa nzito, ongeza kile kibirika cha moka cha Kiitaliano kinachokaa juu ya jiko la gesi. Weka gramu 60 kwa lita, kahawa isagwe nene kama chenga za sukari, mimina maji muda mfupi tu baada ya kuchemka, kwani kwa mwinuko wetu huchemka chini kidogo ya nyuzi 100 na hayana haja ya kupoa kwa muda mrefu, kisha subiri dakika nne ndipo usukume chujio. Nunua kahawa nzima, robo kilo kwa mara moja, na umuulize muuzaji ilikaangwa lini kabla hujalipa.

Ikiwa baada ya haya bado unaitaka mashine, chukua ya volti 230 inayotumia kapsuli za Nespresso za awali, siyo Vertuo wala Keurig, uichomeke kwenye stabilaiza, na kabla ya kuilipia hakikisha umepata muuzaji wa kapsuli ambaye tayari anazo dukani kwake.